Mwaka Niliosema Nina Alsas

Adhiambo alinipigia simu Jumanne mchana, nikiwa nyuma ya nyumba hapa Kabianga nikimwonyesha fundi bomba linalovuja. Alisema, "Kogo ametuacha. Wanazika Ijumaa," na fundi akaendelea kugonga bomba lake. Sikuuliza ni kogo yupi. Kwa Kikipsigis kogo ni nyanya, na kila boma lina wake, lakini mimi na Adhiambo, ambaye ni mtu wa kule ziwani na hana tone la damu ya kwetu, tulikuwa na mmoja tu wa kushirikiana: Kogo Tapkigen wa Litein, aliyetukodisha vyumba tulipokuwa vijana. Ijumaa tulikutana langoni kwake. Adhiambo amenenepa, mimi nimekonda, na kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba hajabadilika. Tulikaa chini ya hema tukasikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa na mjukuu wake: kuzaliwa, kuolewa, kuokoka, kupanda chai, kuzaa watoto wanane. Sisi tulipata maneno mawili karibu na mwisho, "wapangaji wengi". Baadaye, kwenye foleni ya chakula, mama mmoja alinitazama kwa muda akasema, "Wewe si ni ule karani wa alsas?" Adhiambo alicheka mpaka akaweka sahani chini. Mimi nilijibu kwamba ndiyo, ni mimi. Miaka kumi na mitano imepita, na sijawahi kuwa na vidonda vya tumbo hata siku moja maishani mwangu. Nikaona afadhali niuandike mwaka ule mwenyewe, kabla watu wa foleni hawajanimalizia.

Nilikuwa na miaka thelathini. Habari za kwetu nitaziacha pembeni. Wazazi wangu walikuwa hai, wazima na wema, upande wa Bomet, na hawaingii sana hapa kwa sababu sikuwaambia kitu mpaka karibu na mwisho. Nilikuwa karani katika kituo cha kununulia majani chai, banda la mabati lenye nguzo na meza ndefu za mbao. Wakulima walileta majani waliyochuma tangu asubuhi, wakayamwaga mezani, nami nikapita nikikagua kabla ya kupima. Majani mawili na chipukizi, hayo ndiyo tuliyotaka. Jani gumu, kijiti, jani lililoungulia ndani ya gunia, vyote nilivitupa kando bila kumtazama mwenyewe usoni, maana ukimtazama usoni utapokea. Hiyo ndiyo tabia niliyokuwa nayo, na sijui kama kazi ilinipa au niliingia nayo kazini. Watu waliniheshimu na hawakunipenda sana, na mimi niliona mambo yako sawa hivyo. Chumba changu kilikuwa cha tatu katika safu ya vyumba sita vya mbao nyuma ya nyumba ya Kogo: kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa, na pazia la maua lililotenga mahali pa kulala na mahali pa kupika. Ukuta kati yangu na Adhiambo ulikuwa na nyufa za kupitisha kidole. Akikaanga samaki nilijua, nikikohoa alijua. Yeye alifanya kazi kiwandani, mahali pa kuchambua chai kavu, na alirudi jioni na vumbi la chai kwenye nyusi. Kila jioni alizungumza na dada yake kwa simu kwa Kijaluo, na katika maneno hayo yote nililitambua moja tu, jina langu.

Uvimbe wa kifuani niliugundua kazini. Kukagua gunia vizuri ni lazima uingize mkono mpaka begani, uguse katikati ujue kama majani yameanza kupata joto, na hapo kifua kinabanwa juu ya gunia. Mwezi wa tatu niliona kwamba upande wa kulia kuna kitu kinachotangulia kubanwa, kigumu, kama punje ya hindi chini ya ngozi. Hakikuuma. Kitu kisichouma kwetu si ugonjwa, kwa hiyo nilikiacha mpaka mwezi wa tano, nikikikagua kila asubuhi nikioga, na kila asubuhi nikikipitisha. Mkulima angeniletea jani la namna hiyo ningelirudisha nyumbani pamoja na yeye. Adhiambo ndiye aliyenipeleka hospitali, baada ya kuniona nimejishika kifua huku nikichemsha maji. Walitoa kipande kwa sindano nene, wakatuambia tusubiri, na siku ya majibu tuliingia wote wawili katika chumba chenye kiti kimoja cha mgonjwa, Adhiambo akasimama kando ya kalenda ya kampuni ya mbolea ukutani. Daktari alikuwa kijana kuliko mimi. Aliisoma karatasi mara mbili kimoyomoyo kabla ya kuinua macho.

"Majibu si mazuri, dada," alisema. "Ni kansa ya titi. Lakini haijaenda mbali, na tunaweza kuitibu."

Alieleza mpango kwa utaratibu: kwanza kulitoa titi lote, halafu dawa za dripu kila baada ya wiki kadhaa, halafu pengine mionzi. Nakumbuka sauti ya kalamu yake ikibofya kila alipofika hatua mpya. Alipomaliza aliniuliza kama nina swali, nami nikamuuliza kama baada ya hapo nitaweza kuingiza mkono kwenye gunia. Alimtazama Adhiambo kama vile mimi ninazungumza lugha nyingine. Adhiambo akamweleza kazi yangu, naye akasema mkono huo utahitaji kutunzwa, unaweza kuvimba, na mizigo mizito niisahau. Hilo ndilo lililoniuma siku ile, mkono, wala si titi. Titi lilikuwa bado halijawa habari ya kweli. Pale mapokezi waliniuliza jamaa yangu wa karibu ni nani, Adhiambo akajibu kabla yangu, "Dada yake." Karani wa hospitali alilitazama jina langu, Chelang'at, akalitazama la Adhiambo, akaandika dada. Tulipewa tarehe, Jumatano moja wiki tatu mbele.

Kesho yake nilirudi kituoni. Mama wa kwanza kumwaga majani aliniuliza, kwa kuwa nilikuwa nimekosekana, "Karani, hospitali wamesema ni nini?" Nikasikia mdomo wangu ukijibu, "Alsas." Sikuwa nimepanga. Vidonda vya tumbo huku kwetu kila mtu anavyo au ana shemeji anavyo, ni ugonjwa wa heshima, unatokana na mawazo na kukosa kula kwa wakati, na haujamaliza ukoo wa mtu. Kansa ilikuwa jambo jingine. Mwaka uliotangulia kulikuwa na mwalimu mmoja pale Litein aliyeugua hivyo, na niliwahi kufika kwake na kikundi cha akina mama wa kanisa. Alitupikia chapati yeye mwenyewe. Wageni walizila wakizungumza naye kwa sauti ya matangani, wakimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, na tulipotoka nje, kabla hata ya kufika barabarani, walikuwa wakimtaja kama mtu aliyekuwa. "Alikuwa mkarimu sana," walisema, na moshi wa chapati zake bado unatoka mlangoni. Mimi nilisema hivyo pia. Nadhani ndiyo sababu nilidanganya: nilijua watanitazama vipi kwa kuwa mimi mwenyewe nimewahi kutazama hivyo.

Uongo huo ulinitesa kuliko nilivyotarajia, maana alsas ni ugonjwa ambao kila mtu ni daktari wake. Kufikia mwisho wa wiki nilikuwa nimeletewa kabichi nne za kukamua maji, mkungu wa ndizi, asali ya msituni, na mizizi fulani iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari na maelezo ya namna ya kuchemsha. Nilikatazwa maharagwe, nilikatazwa pilipili, nilikatazwa limau. Nilikatazwa chai. Nilishinda siku nzima nikipima majani chai, nywele zangu zinanuka majani chai, na saa nne wenzangu wakimimina chai ya maziwa mimi nilisukumiwa glasi ya maziwa baridi, na wakanitazama mpaka nimalize. Nikiwa nimeinama nyuma ya magunia nilisikia mazungumzo yao. "Hiyo ni mawazo," alisema mmoja. "Ako na miaka thelathini na hana bwana, alsas itakosa aje?" Mwingine akasema, "Si bwana. Ni hasira. Anakasirikia majani ya watu kila siku, hiyo hasira inaenda wapi? Inaenda kwa tumbo." Nilibaki nimeinama kidogo zaidi ya nilivyohitaji, nikicheka peke yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu siku ya majibu.

Aliyeuchukua ugonjwa wangu kwa uzito kuliko wote ni Kogo Tapkigen. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mrefu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Hata akikunong'oneza, ploti nzima ilijua. Alizungumza Kiswahili na kila mpangaji, hata mimi wa kabila lake, kwa sababu hakutaka yeyote kati yetu adhani anasengenywa. Jikoni kwake kulikuwa na moto tangu alfajiri mpaka jioni, na vibuyu vya maziwa vimepangwa ukutani, na mlango haukufungwa. Akaanza kunipikia. Viazi vilivyopondwa bila chumvi, malenge, mboga za majani zilizochemshwa na maziwa mpaka zikawa laini kama za mtoto. Nilikula vyote. Nikimaliza aliniuliza, "Imetulia?" akionyesha tumbo kwa kidole, nami nikajibu kwamba imetulia, kongoi. Nilikuwa nikimshukuru kwa kweli huku nikimdanganya, na mambo hayo mawili yalikaa pamoja ndani yangu bila kugombana.

Ukweli ulikuwa chumbani kwa Adhiambo. Huko nilikunywa chai yangu kwa siri, nyeusi, yenye sukari nyingi, huku mlango umefungwa. Watu waliosikia habari yangu baadaye wameniuliza nilikabiliana vipi na wiki zile za kungoja, wakitarajia nitaje sala au ushujaa. Nilifanya mazoezi ya kunyanyua birika kwa mkono wa kushoto. Nilijifunza kufunga vifungo kwa mkono mmoja. Niliondoa kioo ukutani nikakiweka chini ya kitanda, nikakirudisha, nikakiondoa tena. Adhiambo alisema atanishonea titi jingine kwa soksi na mtama, na jioni moja alilishona kweli, tukalipima kwenye sidiria, likawa kubwa mno, akalipunguza mtama. Halafu alikaa na ile soksi mkononi akaniuliza, "Chela, hawa watu utawaambia lini?"

"Nikishapona."

"Na usipopona?"

"Basi watajua kwa matanga, na hutakuwa na kazi ya kuwaambia."

Hakucheka. Kupitia ukuta jioni hiyo nilimsikia akizungumza na dada yake kwa muda mrefu, na jina langu lilitajwa mara nyingi kuliko kawaida. Niliogopa. Ninaliandika neno hilo kwa kuwa wakati ule sikulisema kwa mtu. Niliogopa kisu, niliogopa kulala usingizi wa dawa nisiamke, na niliogopa kuamka. Kila nilipofikiria Jumatano ile niliona njia ya kutoka Litein mpaka hospitali kama kitu ambacho mtu mwingine angekipita badala yangu.

Muuguzi alikuwa amenieleza sharti moja akalirudia: kuanzia saa nne ya usiku wa kuamkia siku hiyo nisile wala nisinywe kitu chochote, hata maji, kwa sababu chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni mtu akiwa amelazwa kwa dawa. Kogo nilikuwa nimemwambia kwamba nakwenda kuingizwa kamera ya kuangalia tumbo na nitalazwa siku chache. Adhiambo alikuwa na zamu ya asubuhi kiwandani na angenifuata saa sita. Saa kumi na mbili, jua likichomoza, nilikuwa nimeshavaa na mkoba uko begani, mlango ukagongwa. Kogo alikuwa amesimama na chupa ya chai mkononi na kikombe kikubwa cha bati.

"Kunywa hii kwanza," alisema. "Ni uji ya wimbi. Sikuichachusha, uchachu ni mbaya kwa alsas. Nimeweka maziwa."

"Kogo, nimechelewa."

"Hujachelewa. Huko watakuweka kwa benchi mpaka saa tisa, mimi najua hospitali. Mtu ya alsas hawezi kaa njaa. Utaanguka huko, na nani atakuokota?"

"Nitakunywa nikifika."

"Chelang'at. Nimeamka kusaga kwa sababu yako."

Kwetu uji aliokusagia mtu wa umri ule hurudishi mlangoni. Hivyo ndivyo nilivyojieleza kwa miaka mingi, na watu huelewa mara moja nikisema hivyo. Lakini ningeweza kumwambia kwamba hata kamera haitaki tumbo lenye chakula, na ingekuwa kweli, na angeurudisha uji jikoni bila neno. Sentensi hiyo nilikuwa nayo mdomoni. Nilichukua kikombe. Ulikuwa uji mzuri, laini, vuguvugu, na nilipofika nusu nikahisi mabega yangu yakishuka, kwa sababu nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimepata mtu wa kunizuia. Nilimaliza, akanimiminia tena, nikamaliza na hicho.

Muuguzi wa mapokezi ya wodi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba. Aliuliza maswali yake bila kunitazama, jina, umri, dawa ninazotumia, kisha akafika kwenye swali hilo.

"Umekula ama kunywa kitu leo?"

"Uji."

Akainua kichwa. "Kiasi gani?"

"Kikombe kimoja," nikasema. Halafu nikasema, "Viwili. Vikubwa."

"Si uliambiwa?"

"Niliambiwa."

"Sasa?"

"Nilipewa."

Alivaa miwani akanitazama vizuri, na sikuona hasira usoni mwake, nilichoona ni uchovu. Alikwenda, akarudi na daktari wa dawa za usingizi, wakazungumza kando, na jina langu likaondolewa kwenye orodha ya siku hiyo. Orodha zilikuwa zimejaa. Nafasi iliyofuata ilikuwa baada ya wiki tatu nyingine. Nilisaini mahali aliponionyesha. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Wiki tatu si kidogo kwa huu ugonjwa. Ukirudi, rudi ukiwa unataka." Niliketi kwenye benchi nje ya wodi nikiwa na furaha ya mtoto aliyeambiwa mtihani umeahirishwa. Ilidumu kama nusu saa. Baada ya hapo niligusa upande wa kulia, kile kitu kilikuwa palepale, na nilikuwa nimekipa wiki tatu zangu.

Adhiambo alifika saa sita na vumbi lake la chai, akanikuta na mkoba mapajani. Nilimweleza. Alikwenda kwenye kibanda nje akarudi na chai na mandazi mawili, akaniwekea kwenye benchi, akasema, "Kula, si sasa unaweza." Kisha akakaa upande wa mwisho wa benchi, mbali, akitazama ukuta. Halafu alizungumza na ukuta huo.

"Mimi nimeandikwa hapa kama dada yako. Ukifa ni mimi wataita. Nitawaambia watu wenu nini? Eti ni uji?"

Nilimwambia anisamehe, akasema si yeye wa kuombwa.

Tulirudi Litein kabla ya jua kuzama. Kogo alikuwa jikoni akisafisha kibuyu kwa ufito na majivu ya mkaa, akikitikisa, akichungulia ndani. Aliponiona alisema nimerudi haraka, kamera imeona nini. Siku hiyo nilimjibu kwa Kikipsigis, na yote tuliyosema yalikuwa kwa lugha hiyo, kwa hiyo ninavyoandika hapa ni kwa maneno yangu. Nilimwambia si alsas, na haijawahi kuwa alsas. Mikono yake iliendelea na kibuyu. Nilimwambia ni kansa, iko kwenye titi, na leo ilikuwa siku ya kulitoa.

"Na mbona halijatolewa?"

"Nilikuwa nimekula."

Moto ulikuwa unawaka vizuri na niliona jambo lile likimfikia.

"Uji wangu," alisema.

"Ndiyo."

Aliweka kibuyu chini. Nilikuwa nimetayarisha jibu la huruma yake, lakini hakunionea huruma. Alikasirika. "Umenifanya nikufungie njia kwa mkono wangu mwenyewe," alisema. "Nimeamka kusaga. Nilikuwa najisifu kwa Mungu kwamba nakusaidia." Nilijaribu kumwambia kwamba kosa ni langu, nilijua, ningeweza kukataa. Akasema anajua kwamba kosa ni langu, hilo halimwondolei yeye uji mkononi. Hapo ndipo niliona aibu kamili. Nilikuwa nimejificha ili watu wasinibebe, na nilichofanya ni kumbebesha mwanamke mzee kitu kizito kuliko vyote, bila kumwambia ni nini. Nililia mbele yake, kwa sauti, mimi ambaye watu walisema sina machozi. Aliniacha nilie. Nilipotulia aliuliza nani mwingine anajua.

"Adhiambo."

"Mtoto wa ziwani anajua, na mimi hatua kumi kutoka mlangoni kwako sijui." Alitikisa kichwa. "Kesho uwaambie wazazi wako. Hawa wengine nitawaambia mimi."

"Kogo, watanihurumia."

"Watakuhurumia. Huwezi kuwakataza. Lakini wakijua unaumwa nini, watajua pia wasikupe nini."

Wazazi wangu niliwaambia kwa simu. Mama alilia, baba akauliza tarehe. Wengine waliambiwa na Kogo kwa ile sauti yake, kwa hiyo habari ilifika mpaka mji wa Sosiot kabla ya Jumamosi. Nilichoogopa kilitokea chote. Kituoni walishusha sauti nilipokaribia, mama mmoja alinishika mkono akausugua kama anaupasha moto, na nilisikia nyuma ya magunia, "Na vile alikuwa mchapakazi." Nilijitokeza nikawaambia bado ni mchapakazi, wakaona aibu, na mimi nikaona haya kwa kuwaaibisha. Mzee mmoja alileta majani magumu matupu, nadhani akitegemea kwamba mtu anayekaribia kufa hukagua kwa huruma. Nilitupa nusu. Aliondoka akiwaambia watu njiani kwamba karani bado yuko, na alionekana kufurahi. Nilirudishiwa chai. Dawa za dripu, nywele kuanguka, safari za mionzi, mkono kuvimba mpaka nikahama kazi ya magunia, hayo yote yalikuwa mbele na siku moja nitayaandika, ingawa nimeyasahau zaidi ya nilivyotarajia. Zile wiki tatu sijazisahau, kwa kuwa kila siku yake nilijua nimeinunua kwa vikombe viwili, na sikujua itanigharimu nini. Daktari baadaye alisema uvimbe ulikuwa umeongezeka kidogo. Kidogo kiasi gani sikuuliza.

Siku ilipofika niliamka nikakuta jikoni kwa Kogo hakuna moshi. Kwa miaka minne niliyokaa pale sikuwahi kuona hivyo. Adhiambo alikuwa ameenda zamu bila chai, na wapangaji wengine walikuwa wamepita kimya kama wezi, wakanywe chai yao sokoni. Kogo alikuwa ameketi mlangoni kwake amevaa koti la kanisa na viatu, mikono mapajani, hana chupa wala kikombe. Tulienda pamoja, wazazi wangu wangetukuta huko mchana. Yule muuguzi wa miwani alikuwa zamu. Alinitambua, akafungua faili, akauliza kabla hata hatujasalimiana vizuri.

"Leo umekula?"

"Hajakula," alisema Kogo. "Hata maji. Hata mimi sijakula."

"Wewe mama ungekula tu."

"Ningekula, angeniona."

Walinivalisha gauni la kijani lenye kamba mgongoni, wakanilaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakanisukuma ukumbini mpaka karibu na mlango wa chumba cha upasuaji, tukaambiwa tungoje kidogo. Kulikuwa na benchi refu ukutani, limejaa watu wenye wagonjwa wao, na Kogo akabanwa mwishoni. Niliogopa sawasawa na mara ya kwanza, hakuna kilichopungua. Nilitazama dari. Mwanamke aliyeketi karibu na Kogo alimuuliza kwa upole, kama watu wanavyoulizana hospitalini, huyu msichana ni wako, anaumwa nini. Nilijua sauti itakayotoka, na nilikuwa na muda wa kufumba macho.

"Ni wangu," alisema Kogo, na ukumbi wote ukasikia. "Ni kansa. Ya titi. Leo wanaitoa."

Benchi lote liligeuka. Sikufumba macho. Niligeuza kichwa kwenye mto nikawatazama, mmoja baada ya mwingine, usoni, mpaka mlango ulipofunguliwa na kitanda kikaanza kwenda.